Somo kwa Wanachama: Nyumba Iweke Akiba ya Dharura Kiasi Gani?



Katika kikao chetu cha Baleni mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni. Alisema, "Wazee wangu, kila siku mwatuambia tuweke akiba. Haya, tumekubali. Lakini tuweke ngapi? Shilingi elfu hamsini ni akiba? Milioni ni akiba?" Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, weka unachoweza." Mama akasema, "Shikamoo baba, lakini hilo si jibu." Watu wakacheka, ila mama alisema kweli. Basi leo twajaribu kumjibu.

Kwanza tukumbuke kwa nini twaliuliza swali hili. Miongoni mwetu yuko aliyeuguliwa na mtoto wakati karafuu zingali changa mtini. Nyumbani hapakuwa na kitu. Ikambidi auze mazao ya shamba zima kabla hayajaiva, kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini msimu ulipofika, mwenye shamba alikaa barazani akitazama watu wengine wakichuma mikarafuu aliyoipalilia yeye. Fedha aliyopewa ilikuwa kama thamani ya gunia moja. Magunia yaliyotoka yalikuwa matatu. Magunia yale mawili ndiyo gharama ya kukosa akiba.

Akiba mbili, si moja

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mfanyakazi wa mshahara hupokea kila mwezi, lakini mkulima wa karafuu hupokea kwa msimu. Kwa hiyo fedha ya mavuno ina kazi mbili, na yafaa tuzitenganishe.

Kazi ya kwanza ni kulisha nyumba mpaka mavuno yajayo. Hii si dharura, maana twajua tangu leo kwamba miezi hiyo itakuja. Ada za shule, nguo za Idi, ujira wa palizi na wachumaji, yote haya yana siku zake. Tuiite akiba ya msimu.

Kazi ya pili ni kungojea jambo lisilo na siku: ugonjwa, msiba, moto, tufani, au mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Kila mmoja wetu ajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka huu huinamisha matawi, mwaka ujao hutoa kiganja. Hii ndiyo akiba ya dharura, na hiyo ndiyo tunayoitafutia kiasi.

Namna ya kupiga hesabu

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita. Hesabu hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake.

Hatua ya kwanza: andika matumizi ya lazima ya mwezi mmoja. Chakula na kitoweo shilingi 180,000. Sabuni, mwanga na simu 25,000. Mahitaji ya shule 20,000. Dawa ndogo ndogo 15,000. Jumla ni 240,000. Usiandike ya anasa, maana siku ya shida hayanunuliwi.

Hatua ya pili: andika pato ambalo halitegemei karafuu. Sisi wa Mafia tuna heri, maana kisiwa chetu ni cha minazi kwanza, tena tuna korosho na samaki. Lakini andika pato la mwezi mbaya, siyo la mwezi mzuri. Tuseme ni 100,000. Pengo basi ni 140,000 kwa mwezi.

Hatua ya tatu: zidisha pengo hilo kwa idadi ya miezi. Twashauri miezi mitatu iwe lengo la kwanza, nayo ni 420,000. Mwenye duka au mtoto aliye kazini anayeleta fedha aweza kutosheka na hapo. Asiye na kitu ila karafuu na minazi yatupasa kumwambia asonge mpaka miezi sita.

Hatua ya nne: ongeza gharama ya dharura moja kubwa. Sisi tuko kisiwani. Mgonjwa akishindikana hapa, huvushwa kwenda bara pamoja na mtu wa kumuuguza. Kuna nauli ya chombo, gari, chakula na malazi, hata kabla ya dawa. Tuseme 350,000. Ukijumlisha na ile 420,000 wapata 770,000. Hilo ndilo jibu la mama yetu kwa nyumba ya mfano huu.

Itapatikanaje?

Tuseme nyumba hiyo, baada ya kulipa wachumaji, hubakiwa na 1,500,000 ya karafuu kwa mwaka. Katika miezi ya kawaida pato la nazi na samaki hufika 150,000, na pengo huwa 90,000. Kwa miezi 12 ni 1,080,000. Hiyo ni akiba ya msimu, isiguswe kwa jingine. Zinabaki 420,000. Wakitoa humo 300,000 kwa dharura siku ile ile ya mauzo, na 5,000 kila mwezi, watakuwa wameweka 360,000 kwa mwaka. Mwaka wa tatu, karafuu zikiuzwa, lengo litatimia. Si haraka, lakini ni kweli. Mwaka wa mazao mengi usiwe mwaka wa harusi kubwa tu. Uwe mwaka wa kujaza akiba, kwa sababu mwaka mdogo huja nyuma yake.

Mwenye deni linalokua asingojee. Aweke kwanza pengo la mwezi mmoja, kisha alipe deni, kisha arudi kwenye akiba.

Iwekwe wapi?

Isiwekwe yote mahali pamoja. Sehemu ndogo iwe mkononi, maana siku za bahari mbaya vyombo havivuki, na mtandao wa simu waweza kukatika. Sehemu kubwa iwe benki, au katika chama cha kuweka na kukopa ambacho hesabu zake husomwa mbele ya watu. Wengine husema, "Akiba yangu ni mbuzi." Mbuzi ni mali njema, lakini shida ikitupata sote kwa siku moja, sote twauza mbuzi siku moja, na bei huanguka.

Na shida ya namna hiyo ipo. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani kwetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha siku kabla yake. Wenzetu wa Unguja wanaikumbuka tufani ya tarehe 15 Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yao, na huku Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu mpya huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Hakuna akiba ya nyumba inayoweza kulipa shamba lililoanguka. Lakini mwenye miezi sita ana nafasi ya kupanda upya, kutafuta kazi nyingine na kufikiri. Asiye na kitu huuza ardhi wiki ile ile.

Lini iguswe?

Mume na mke waulizane maswali matatu. Je, jambo hili limetujia ghafla? Je, ni la lazima? Je, haliwezi kungoja? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, fedha itoke bila kuona haya, maana kwa siku hiyo iliwekwa. Likikosekana jibu moja, ikae. Na ikishatoka, mavuno yajayo yaijaze kwanza.

Tunaomba kila mwanachama aje kikao kijacho na karatasi yenye mistari minne: matumizi, pato la mwezi mbaya, pengo, na gharama ya dharura moja. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake anayesoma. Na huyo mtoto naye atajifunza. Yule mama aliyeuliza tumemwomba akae mbele.