Ganzi ya Vidole kwa Wachezaji wa Michezo ya Kompyuta

Mkulima wa Kasulu au Kibondo anapolalamikia ganzi ya vidole, mhudumu wa afya humuuliza upesi habari za jembe. Kijana akileta lalamiko hilohilo, na aulizwe pia habari za kompyuta na simu.

Katika baadhi ya michezo ya mtandaoni, mtu mmoja huendesha wahusika watano au zaidi kwa wakati mmoja, kila mhusika katika dirisha lake. Programu ya kusambaza vitufe hupokea bonyezo moja na kulipeleka katika madirisha yote, hata wahusika wote wakatenda jambo moja kwa pamoja. Mwezi Novemba 2020, kampuni ya Blizzard ilikataza programu hizo katika mchezo wa World of Warcraft. Anayeshikilia wahusika wengi bila msaada huo hurudia bonyezo lilelile dirisha baada ya dirisha. Kazi iliyofanywa na programu hurejea vidoleni. Hata mwenye programu hayuko salama, kwani saa nyingi hupita kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa.

Mwulize mgonjwa ni vidole vipi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, inayomwamsha usiku na kupungua akikung'uta mkono, huonyesha kubanwa kwa neva ya kati kifundoni. Mwambie akunje vifundo, migongo ya mikono igusane, kwa sekunde 60: ganzi ikijitokeza, dhana hiyo hupata nguvu. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, tazama kiwiko; huenda hukiegemeza mezani muda mrefu.

Hapa pana hatari ya kuilaumu kompyuta bure. Ukoma nao huishambulia neva ya kiwikoni. Ipapase kama imenenepa, kisha utafute mabaka yasiyohisi mguso. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu anaweza kupata ganzi kwa upungufu wa vitamini B6, ambayo kwa kawaida huanzia miguuni. Kisukari na ujauzito visisahauliwe.

Kwa neva iliyobanwa kifundoni, mgonjwa afungwe banzi usiku, kifundo kikiwa kimenyooka, kwa wiki 6 hivi, na apunguze saa za kucheza. Dawa za maumivu pekee hazisaidii sana.

Asiyeweza kupunguza ana tatizo jingine. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, unautambua ugonjwa wa michezo ya kidijitali: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na huendelea ingawa anadhurika, kwa kawaida kwa miezi 12. Kucheza sana pekee hakutoshi kumpa mtu jina hilo.

Nyama ya shina la kidole gumba ikianza kukonda, au mgonjwa akiangusha vitu, apelekwe hospitali bila kungoja wiki hizo 6.