Neno "Lishe" na Ufundishaji Wake

Aghalabu wanafunzi wakiulizwa maana ya "lishe" hujibu kuwa ni chakula. Jibu hilo halitoshi. Na tuanzie kwenye mzizi. Kitenzi "la" kikiongezwa kiambishi -ish- hutupatia "lisha", yaani kumfanya mwingine ale. Na irabu ya mwisho ikigeuka kuwa -e, twapata nomino "lishe". Ndivyo pia "shiba" izaavyo "shibe".

Mwalimu aandike nomino hizo mbili ubaoni, kisha aulize: Je, mtoto aliyekula ugali wa muhogo bila kitoweo amepata nini? Shibe ameipata, kwani tumbo limejaa. Lakini muhogo una protini kidogo mno, hivyo mwili wake haukulishwa ipasavyo. Akiongezewa maharagwe, mchicha na embe, ndipo tutakaposema "lishe bora". Hapo darasa litatambua kuwa lishe hutazama jinsi mwili unavyofaidika, wala si wingi wa chakula.

Mwishowe wanafunzi watunge sentensi kwa nomino hizo, pamoja na "mlo" na "malisho", zitokazo katika mzizi uo huo wa "lishe". Tukilifundisha neno kwa njia hii, sarufi itamfaa mtoto hata jikoni kwao.