Likizo ya kwanza mlimani: Pangeni pesa kabla ya kupanga mizigo

Mmeoana mwaka wa tatu sasa, na kila Desemba mnasema, "Mwakani lazima tutembee." Mwakani inafika, kunatokea karo, harusi ya binamu, simu ya mtu imeanguka, na Mlima Kenya unabaki kuwa picha ya kalenda ukutani. Wengi hudhani shida ni kipato. Mara nyingi shida ni kwamba pesa za likizo hazina kwao. Zimekaa kwenye pochi moja na za unga, na unga ukiisha, likizo nayo inaisha.

Katika somo la leo tutapanga safari moja, hatua kwa hatua, kwa kutumia simu yako. Tutachukua mfano wa mume na mke wanaoishi Githurai. Mume ni mwendeshaji boda boda, mke ana saluni ndogo, na wana mtoto mmoja wa shule. Hawajawahi kwenda likizo wakiwa wawili. Wanataka siku tatu Nanyuki, walale usiku mbili, na siku moja wapande Mlima Kenya hadi pale miguu itakapokubali.

Hatua ya 1: Jueni mnakoenda kabla ya kujua bei

Mlima Kenya ndio mrefu zaidi nchini na wa pili Afrika baada ya Kilimanjaro. Kilele chake cha juu, Batian, kina mita 5,199, na hicho ni cha wakwezi wenye kamba na vifaa. Wapandaji wa kawaida hulenga Lenana, mita 4,985, na hata huko huchukua siku kadhaa. Kwa likizo ya kwanza si lazima mfike huko. Kutoka lango la Sirimon, lililo mita 2,650 hivi, kuna njia ya kama kilomita 9 hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, mkipitia msitu.

Kwa nini tuanze na hili kwenye blogu ya pesa? Kwa sababu safari isiyo na mipaka haina bajeti. Ukisema "tunaenda Mlima Kenya" tu, bei inaweza kuwa yoyote. Ukisema "siku moja, Sirimon hadi Old Moses, tulale Nanyuki," sasa unaweza kuuliza bei na kulinganisha.

Chagueni pia msimu. Januari na Februari huwa kukavu, na pia kuanzia Julai hadi Septemba. Machi hadi Mei ni mvua ndefu. Mtalipa hoteli mkae ndani mkitazama ukungu. Hata msimu mzuri, mawingu hupenda kufunika kilele kuanzia asubuhi ya kati, kwa hivyo amkeni mapema.

Hatua ya 2: Ipeni likizo pochi yake

Wenzetu wa Githurai waliketi wakaandika hivi (bei ni za mfano, ulizieni za wakati wenu):

- Matatu kwenda na kurudi, watu wawili: Sh4,000
- Malazi, usiku 2: Sh9,000
- Chakula: Sh6,000
- Kiingilio, mwongoza watalii na gari la kuwafikisha langoni: Sh6,500
- Dharura: Sh4,500
- Jumla: Sh30,000

Sh30,000 kwa mkupuo inatisha. Lakini kila mmoja akiweka Sh150 kwa siku, wawili wanaweka Sh300, na siku 100 zinatosha. Wakianza Novemba 1, wanamaliza Februari 8, katikati ya msimu mkavu.

Fungueni akaunti ya akiba ndani ya menyu ya simu, muipe jina la safari, na muifunge hadi tarehe mliyokubaliana. Kisha wekeni kwa siku, msingoje mwisho wa mwezi. Mtu wa boda na mtu wa saluni hawana mwisho wa mwezi; wana leo. Siku nzuri weka Sh300, siku mbaya weka Sh50, mradi wiki ifike Sh1,050 kwa kila mmoja.

Hapa swali huja: akaunti iwe kwa simu ya nani? Yoyote, lakini kila Jumapili fungueni taarifa ya akaunti muisome pamoja. Kuaminiana si kupeana PIN. PIN ni ya mwenye laini peke yake, hata kama mmelala mto mmoja. Mkitaka uwazi, onyeshaneni taarifa. Ukweli uko hapo kwa tarehe na kiasi, hakuna haja ya kuulizana kwa ukali.

Hatua ya 3: Kubalianeni mapema Januari ikigonga

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Wawili wetu walifika Desemba 31 wakiwa na Sh18,300. Wiki iliyofuata, sare ya shule na vitabu vikahitaji Sh3,600 zaidi ya walizotenga. Mume akasema likizo ivunjwe, mtoto kwanza. Mke akakumbusha kwamba mwaka jana ilivunjwa hivyo hivyo, na mwaka juzi.

Wote wawili walikuwa na haki. Kilichowaokoa ni hesabu. Sh3,600 ukigawa kwa Sh300 ni siku 12. Kwa hivyo mtoto akipata sare, likizo haifi. Inasonga kutoka Februari 8 hadi Februari 20, bado kabla ya mvua. Wakatoa Sh3,600, wakabadilisha tarehe, wakaendelea kuweka.

Jifunzeni sentensi hiyo nyumbani kwenu. Badala ya kuuliza "tuvunje au tusivunje?" ulizeni "hii ni siku ngapi?" Ugomvi unapoa ukigeuka kuwa tarehe.

Na ndiyo maana tunashauri msilipe malipo ya awali ya hoteli kabla akiba haijafika theluthi mbili. Mkilipa mapema mno, tarehe haiwezi kusonga bila kupoteza pesa.

Hatua ya 4: Kulipia malazi bila kulia

Sasa tuingie mahali ambapo watu huumia. Unaona ukurasa wenye picha za nyumba ya mbao, moto unawaka, mlima dirishani. Bei ni nusu ya kwingine. Mwenye ukurasa anasema vyumba vimebaki viwili, tuma yote sasa hivi kwa nambari hii. Ukituma, ukurasa unakublock, na ukifika Nanyuki utajua hujui.

Na pesa hizo si zako peke yako. Mchuma janga hula na wa kwao: mmoja akitapeliwa, ni siku 100 za wawili zimeenda. Kabla ya kubonyeza, fanyeni haya:

- Pigeni simu, msiishie kwa jumbe. Uliza hoteli iko barabara gani, na jengo gani linajulikana hapo karibu. Kisha mtafute mtu mwingine wa hapo, hata duka la jirani lililo kwenye ramani, amthibitishe.
- Ombeni nambari ya Till au Paybill. Biashara ya kupokea wageni huwa nayo. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi kwa sababu "Till ina shida leo," subiri kesho.
- Someni jina. Kabla malipo hayajakamilika, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Likiwa tofauti na jina la biashara uliloambiwa, simama hapo hapo. Sekunde hizo ndizo kinga yako kubwa kuliko zote.
- Lipeni sehemu. Kwa malazi ya Sh9,000, malipo ya awali ya Sh2,700 yanatosha kushikilia chumba. Sh6,300 inayobaki mlipe mkiwa mmesimama mapokezi na ufunguo mkononi.
- Hifadhini ujumbe wa malipo. Ile nambari ya muamala ndiyo risiti yenu. Usiifute ukisafisha simu.

Ukikosea nambari, omba pesa zirudishwe mara moja kupitia menyu au huduma kwa wateja. Kadiri unavyochelewa, ndivyo anayepokea anavyopata nafasi ya kuzitoa.

Hatua ya 5: Kiingilio cha mbuga

Mlima Kenya ni mbuga ya taifa tangu 1949, na kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Malangoni hawapokei pesa taslimu. Malipo hufanyika kupitia eCitizen, ambako unachagua mbuga, tarehe na idadi ya watu, kisha unalipa kwa simu. Paybill ya serikali ni 222222, na nambari ya akaunti ni ile unayopewa na mfumo kwa malipo hayo. Mtu akikupa Paybill nyingine "ya haraka" ukiwa stendi, mshukuru na uende zako.

Lipeni mkiwa Nanyuki, jioni ya kabla, si langoni. Mtandao mlimani huja na kwenda kama mawingu yake. Bebeni vitambulisho vya taifa ili mtozwe bei ya mwananchi.

Hatua ya 6: Simu baridi, mtandao hafifu

Betri huisha haraka kwenye baridi. Weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili, na mbebe chaja ya kubebeka. Gawanyeni pesa kwenye simu mbili. Moja ikipotea au kuzima, hamjakwama. Na ikipotea, piga huduma kwa wateja kwa simu ya mwenzako ili laini ifungwe kabla hujaanza kuitafuta.

Toeni pesa taslimu kidogo kwa wakala mjini, mara moja. Kutoa Sh500 mara nne hugharimu ada zaidi kuliko kutoa Sh2,000 mara moja. Hizo ni za chai, matunda ya njiani, na yule kijana wa kwenye mstari wa ikweta Nanyuki atakayewaonyesha maji yakizunguka kulia na kushoto. Ulizeni bei kabla hajaanza. (Kisayansi, mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kugeuza maji ya beseni, mnalipia burudani, na burudani ni halali.)

Mwongoza watalii naye, kubalianeni bei, muda na kilichomo kabla ya kuondoka. Nusu mwanzo, nusu mkirudi.

Na zile Sh4,500 za dharura? Zisiguswe kununua shuka za Kimaasai. Kuanzia mita 2,500 hivi, mwili unaweza kukataa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Dawa ya kwanza ni kuacha kupanda, na dalili zikizidi, kushuka. Huenda mkahitaji gari wakati ambao hamkupanga. Mwenye pesa ya gari hushuka mapema. Asiye nayo hujikaza, na hapo ndipo hatari ilipo.

Zoezi la wiki hii

Leo jioni ketini wawili, zimeni televisheni dakika 20. Andikeni safari kwa sentensi moja, jumla yake, na kiasi cha kila siku. Kisha kila mmoja aweke cha leo, hata kama ni Sh50.

Pesa ya dharura isipotumika, msiirudishe kwenye pochi ya unga. Iacheni pale pale: mmeshaanza safari ya pili mkiwa na Sh4,500, ambazo ni siku 15 mkononi.