Mwalimu, Usikimbizane na Kila Tangazo

Wadogo zangu walimu, leo tukae tuzungumze, maana kuna swali mmeniuliza wengi, na kila anayeniuliza namsikia kachoka. Shule zikifungwa ghafla na mkatakiwa mfundishe watoto wakiwa makwao, matangazo huanza kumiminika: la wizara, la tume ya walimu, la ofisi ya kaunti ndogo, la mwalimu mkuu, na mengine yasiyojulikana yametoka wapi. Mtu afuate lipi? Na atafundisha saa ngapi ikiwa kutwa nzima anasoma nyaraka kwenye simu?

Hofu yenu naielewa, na ina msingi. Mwaka 2020 nchini Kenya, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe: za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano. Hakuna mwalimu aliyepata nafasi ya kujipanga. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea na shule zitafunguliwa Januari 2021. Kabla mwaka haujaisha mambo yakageuka: tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 wakarudi madarasani, na wenzao wakafuata Januari 2021.

Ikaja mvua ya 2024. Muhula wa pili ulitarajiwa kuanza 29 Aprili. Ukasogezwa hadi 6 Mei kwa sababu ya mafuriko. Tarehe 3 Mei Rais William Ruto akaahirisha ufunguzi bila kutaja siku, na hatimaye shule zikafunguliwa 13 Mei. Ndani ya majuma mawili, mwalimu alikuwa ameshapewa tarehe kadhaa, na kila moja alitakiwa aifikishe kwa wazazi.

Maradhi na mito iliyofurika haingoji ofisi ipange ratiba, kwa hiyo matangazo yatabadilika tena. Lililo mikononi mwako ni namna unavyoyapokea. Ushauri wangu ni huu: tangazo lichukue muda mfupi sana wa siku yako, na muda uliobaki upewe mtoto.

Anza kwa kujua nani ana mamlaka juu ya nini. Kalenda ya shule hutoka Wizara ya Elimu. Ajira na nidhamu ya mwalimu wa shule ya umma ni ya Tume ya Huduma kwa Walimu. Mtaala na vipindi vya redio na televisheni ni vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), na mitihani ya kitaifa ni ya Baraza la Mitihani (KNEC). Ukishajua hivyo, ukiletewa ujumbe kwamba KNEC imebadilisha tarehe ya kufungua shule, utaushuku kabla hujamaliza kuusoma. Nembo na muhuri siku hizi hughushiwa na mtu yeyote mwenye simu. Tafuta waraka huo kwenye tovuti ya taasisi yenyewe au muulize mwalimu mkuu wako. Mpaka umehakikisha, usiusambaze. Mzazi akiupata kutoka kwako atauamini, kwa sababu wewe ni mwalimu.

Pili, usikae ukichungulia kundi la WhatsApp kila dakika. Tenga muda asubuhi na jioni, basi. Kila waraka uusome ukiwa na kalamu, ujiulize: unanihusu? Unanitaka nifanye nini? Mwisho ni lini? Majibu yaandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya waraka, ili waraka mpya ukija ujue umefuta upi. Usipokuhusu, uweke kando bila wasiwasi.

Tatu, usimtupie mzazi waraka kama ulivyoupokea. Lugha ya ofisi humchosha, na asipoielewa huona haya kuuliza. Mwandikie ujumbe mmoja kwa wiki, siku ileile kila wiki, kwa maneno ya kawaida: “Wazazi wangu, hamjambo. Shule bado hazijafunguliwa. Tarehe ikitolewa nitawajulisha. Wiki hii gredi ya 4 tunajifunza sehemu katika hisabati. Mtoto afanye maswali matano ya ukurasa niliowatumia, na Alhamisi jioni nitapiga simu kuuliza alipokwama.” Kwa asiyesoma, tuma ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mzazi akijua Jumatatu mwalimu ataandika, hatahangaika kusikiliza uvumi Jumamosi.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi: mtoto asiyefikiwa. Mwaka 2020 masomo yalirushwa na KICD kwa redio kupitia shirika la utangazaji la KBC, kwenye televisheni, YouTube na Kenya Education Cloud. Ilikuwa juhudi ya kweli na iliwasaidia wengi. Lakini redio inataka betri, YouTube inataka bando, na nyumba nyingi zina simu moja ambayo asubuhi huondoka na baba kwenda kazini na kurudi usiku. Ukipanga kipindi cha mtandaoni saa nne asubuhi, umewapangia wachache.

Kwa hiyo, kabla ya kuandaa somo lolote, chukua orodha ya darasa lako na kando ya kila jina andika alicho nacho: simujanja, simu ndogo ya mulika mwizi, redio, au hana kitu. Wa simujanja watumie picha na sauti. Wa mulika mwizi waandikie SMS jioni, simu ikisharudi nyumbani. Wa redio wakumbushe saa ya kipindi, kisha uwaulize walichosikia. Asiye na kitu ndiye wa kumfikiria kwanza. Kazi yake iandike kwenye karatasi, umwachie mwenye duka la jirani au mtu wa ukoo anayepita kwao. Na mtoto anayenyamaza majuma mawili, mpigie mzazi simu. Huenda yuko machungani. Huenda binti amebebeshwa kazi zote za nyumba. Simu ya mwalimu huwakumbusha watu wazima kwamba huyu bado ni mwanafunzi.

Nawe mwenyewe ujilinde, mdogo wangu. Waambie wazazi saa zako za kupokea simu, na ikifika usiku izime bila kuona umekosa adabu. Una watoto wako pia wanaokungoja. Weka kumbukumbu ya kila somo ulilotuma na kila mzazi uliyezungumza naye, ili siku ukiulizwa ulifanya nini uwe na la kuonyesha. Mnaofundisha shule za kibinafsi, mwaka 2020 wengi wenu mlikaa miezi bila mshahara. Ukiombwa ufundishe kwa mbali, omba kwa heshima makubaliano ya malipo yaandikwe. Huo si utovu wa shukrani. Ni haki ya mfanyakazi.

Pia, msikae kimya. Mficha uchi hazai. Agizo likisema watoto wote wahudhurie mtandaoni na wewe unajua nusu ya darasa haina simujanja, mwandikie mwalimu mkuu, umwonyeshe ile orodha. Sema wangapi wanafikiwa, kwa njia gani, na unahitaji nini: bando, karatasi, ruhusa ya kutumia SMS. Ofisi haiwezi kurekebisha isichokijua, na orodha iliyoandikwa vizuri huzidi malalamiko mia.

Ninyi wakurugenzi na maafisa mnaonisoma, naomba neno. Mkitoa tangazo jipya, tajeni waziwazi lipi limefutwa. Andikeni kwa ufupi mwalimu afanye nini na kufikia lini. Mkibadili mpango, mpeni siku za kuwafikia wazazi. Mwalimu aliyeelezwa vizuri atawaeleza wengine vizuri.

Wengi wenu mnanisoma shule zikiwa wazi, na huu ndio wakati mzuri wa kujiandaa. Kabla muhula haujaisha, hakikisheni mna namba ya simu ya kila mzazi, namba ya jirani mmoja wa kila mtoto, na orodha ya alicho nacho kila mmoja. Zihifadhini kwenye daftari, maana simu hupotea. Shule zikifungwa tena kwa mvua au kwa maradhi, anzeni na daftari hilo siku hiyohiyo, kabla waraka wa kwanza haujawafikia.