SOMO LA VIKUNDI: PICHA YA JICHO KWA MWANGA



Mwenzenu ameambiwa kliniki alipie picha ya jicho iitwayo OCT. Je, kikundi kichange? Kwanza tujue mashine hii yafanya nini.

Simama kichochoroni hapa Mji wa Kale, uite. Ukuta wa karibu unarudisha mwangwi mapema, wa mbali unachelewa. OCT ni hivyo hivyo, ila hutumia mwanga usioonekana. Sasa, mwanga una mbio mno, huwezi kuupimia kwa saa. Basi mashine huugawa: nusu jichoni, nusu kwenye kioo. Zikirudi, nusu hizo hukutana kama mawimbi bandarini. Zikiwa zimekwenda mwendo sawa, hupandana. Hapo kompyuta inajua kila tabaka liko kina gani, na inachora jicho kama mkate wa sinia uliokatwa. Jicho haliguswi, wala si eksirei. Picha za kwanza zilitangazwa Marekani mwaka 1991. Za mbele ya jicho zikafuata 1994.

Huko mbele kuna konea, kioo cha jicho, unene wake kama nusu milimita. Picha huonyesha kovu limezama kiasi gani, au konea imekonda wapi. Huonyesha pia pembe kati ya konea na lile duara la rangi. Maji ya jicho hutokea hapo. Ni kama mfereji wa kichochoro: ukibanwa, maji hayana pa kwenda, presha ya jicho inapanda, mtu anaweza kupofuka. Lakini nyuma ya duara la rangi mwanga huu haupenyi vizuri. Na mtoto wa jicho, daktari kwa kawaida humwona kwa taa yake tu. Hapo sisi tungeuliza mara mbili kabla ya kuchanga.

Jicho likiwa jekundu ghafla, linauma sana, unatapika, na ukitazama taa unaona duara za rangi, usingoje mchango wa picha! Nenda Hospitali Kuu ya Pwani au kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Pembe ile daktari wa macho aweza kuiona hata bila OCT, kwa kioo maalum anachokiweka juu ya jicho. Matone ya kujinunulia yaacheni.

Kujadili kikundini: Daktari akiandika OCT, nani ataandamana na mgonjwa amwulize, "Unatafuta nini, na majibu yatabadilisha matibabu vipi?" Na mfuko wetu wa dharura, una nauli ya tuktuk usiku?