Somo: Kuchagua na Kupima Mabaki ya Mbao kwa Kalamu za Kukereza



Vikundi kadhaa vimeanza kukereza kalamu kwa mabaki ya mbao. Kazi ni nzuri, na mbao yenyewe ni ya bure: karakana huitupa, nasi nyumbani huwashia moto. Lakini vyuma vya ndani vinanunuliwa. Kwa hivyo kipande kibaya hakituletei hasara ya mbao, bali hasara ya vyuma. Tena kalamu ikipasuka mfukoni mwa mnunuzi, oda ya pili haiji.

Kwa nini ipasuke? Kalamu hii ni kibomba cha shaba kilichovikwa mbao. Mbao mbichi hupoteza maji na kunywea kwa upana; kwa urefu hainywei sana. Shaba haisongi. Mbao inabana, inabana, mwishowe inafunguka ufa. Ndiyo maana tunasema ukavu kwanza, urembo baadaye.

Kujua ukavu hakutaki mashine. Kateni vipande vikubwa kidogo kuliko vipimo, pakeni nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili (maji hutoka haraka kupitia nchani, na nyufa huanzia hapo), fungeni fungu moja na kuandika tarehe. Kila wiki lipimeni kwa mizani ya duka. Uzito ukikaa palepale wiki tatu, basi, anzeni kazi. Wenzetu wa Pwani wakumbuke kwamba hewa ya huko ina unyevu: mbao iliyokauka Mombasa itanywea tena ikifika Nairobi. Wamalizie kuikausha mahali pa joto chini ya mabati.

Sasa vipimo. Kalamu nyembamba ya kuzungusha, ile ya kawaida, ina vibomba viwili vya kama milimita 53 kila kimoja, na tundu hutobolewa kwa biti ya milimita 7. Ongezeni milimita 2 kila ncha, mnapata 57. Mara mbili ni 114, na msumeno unakula kama 3. Kijiti cha milimita 120 kinatosha. Upana uwe milimita 16 kwa fundi aliyezoea, 20 kwa anayejifunza, maana biti hupenda kukimbilia kando. Kalamu nene zina vibomba vingine kabisa, kwa hivyo pimeni chenu kwa rula kabla ya kukata chochote. Chora pia mstari wa penseli kwa urefu wa kijiti, ili nusu mbili zikirudishwa pamoja nyuzi za mbao zifuatane.

Jambo hili tunalisisitiza: vipande vifupi msivisukume kwa mkono kwenye msumeno wa mviringo. Pasueni ukanda ukiwa bado mrefu, kisha mkate vipisi kwa msumeno wa mkono.

Mti gani? Sisi tunapenda shina nene la kahawa lililong'olewa shambani. Ni gumu, jeupe-jeupe, na hung'aa likipigwa msasa. Pasueni kando ya moyo wa katikati, kwa sababu moyo ukibaki ndani ufa hauna budi. Mukima una madoa ya kupendeza lakini ni laini zaidi, na vumbi lake huwawasha wengine ngozi. (Kwa mti wowote, funga pua na mdomo.) Mpingo hutoa kalamu ya bei, ila tangu 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka iko chini ya mkataba wa CITES, kikundi kinachouza ng'ambo kiulize ofisi ya misitu kwanza. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani, viacheni kabisa. Vumbi lake ni sumu, na hata jikoni visichomwe.

Kwa mkutano ujao, kila mwanachama alete vipande vitano. Tazameni ncha kwenye mwanga, pimeni, kisha mtenge mafungu matatu: tayari, vya kukausha, na kuni. Halafu jadilianeni:

Ni karakana gani ya karibu itakubali kutuwekea mabaki?
Ni nani atakayetunza daftari la uzito kila wiki?