Mbegu za papai na boga: Je, zinaweza kumaliza minyoo?

Mtoto akilalamika tumbo, akikataa chakula au akisaga meno usingizini, wazazi wengi husema papo hapo: “Huyu ana minyoo.” Nyanya ataleta mbegu za papai, jirani atasifu mbegu za boga, na mwingine atashauri kitunguu saumu. Kuna hata wanaomnyima mtoto sukari. Je, vyakula hivi vina nguvu gani?

Tuwajue minyoo kwanza

Minyoo wa tumbo wanaopatikana sana hapa nchini ni wa aina tatu. Wa kwanza ni mchango, anayefanana na mnyoo wa udongo. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo kikubwa na huweza kukaa ardhini kwa miaka, yakingoja mikono michafu au mboga isiyooshwa. Wa pili ni safura, anayepenya ngozi ya miguu mitupu na hatimaye kufyonza damu ndani ya utumbo. Wa tatu ni mjeledi, anayekaa katika utumbo mpana. Tegu ni tofauti. Yeye hupatikana kwa kula nyama ambayo haikuiva vizuri.

Basi, sukari haileti minyoo. Kusaga meno nako si ishara ya kutegemea. Ukweli hujulikana choo kinapopimwa katika maabara.

Papai, boga na kitunguu saumu

Mbegu za papai hazisifiwi bure. Mwaka 2007, matokeo ya utafiti uliofanyiwa watoto 60 nchini Nigeria yalichapishwa. Nusu yao walipewa mbegu za papai zilizokaushwa na kuchanganywa na asali. Nusu nyingine wakapewa asali tupu. Baada ya wiki moja, watoto 23 kati ya 30 waliopewa mbegu hawakuwa tena na vimelea katika choo, dhidi ya 5 kati ya 30 waliopewa asali pekee.

Hata hivyo, huo ulikuwa utafiti mdogo, na watoto saba kati ya wale 30 walibaki na vimelea. Isitoshe, nguvu ya mbegu za papai moja si sawa na ya jingine, na nyumbani hakuna anayeweza kupima kipimo sahihi. Mama mjamzito asizitumie kabisa.

Mbegu za boga zimetumiwa tangu zamani hasa dhidi ya tegu. Ni chakula kizuri chenye protini na madini, lakini usizitegemee peke yake. Kitunguu saumu hutia chakula ladha. Hakijathibitishwa kuwa tiba ya minyoo. Mafuta ya mwarobaini nayo usimnyweshe mtoto, kwani yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga.

Tembe haina mbadala

Tembe moja ya albendazole ya miligramu 400 huwaua mchango kwa urahisi na huwapunguza safura sana. Mjeledi ni sugu zaidi na huenda daktari akarudia dawa. Ndiyo dawa iliyotumiwa katika mpango wa kitaifa wa kutibu minyoo shuleni ulioanza mwaka 2009. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu tembe. Aliye chini ya mwaka mmoja, na mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, wasipewe bila ushauri wa daktari.

Hatari ya kungoja mbegu zifanye kazi ni hii: safura huendelea kunywa damu kila siku. Mtoto hupauka, huchoka upesi na hushindwa kufuata masomo.

Kazi halisi ya chakula

Dawa huua minyoo, lakini hairudishi damu iliyopotea. Hapo ndipo jiko linapohitajika. Mpe mtoto maini, omena, ndengu, kunde na mboga za kienyeji kama terere na managu. Chungwa au pera pamoja na mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula. Ingoje saa moja au mbili. Papai lililoiva, karoti na viazi vitamu vya rangi ya machungwa humwongezea vitamini A.

Usikawie

Mkimbize mtoto hospitalini iwapo tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika mfululizo, au hapati choo wala hajambi. Huenda minyoo wameziba utumbo, na hilo halitibiwi kwa mbegu wala kwa tembe ya dukani.

Mwisho, tiba bila usafi ni kuteka maji kwa pakacha. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kwenda choo na kabla ya kula. Osha sukuma wiki na matunda kwa maji safi yanayotiririka, hasa ikiwa hujui yalinyunyiziwa maji gani shambani. Mtoto avae viatu, na nyama iive hadi ndani. Kisha mbegu za boga zikikaangwa, mpe ale kwa raha. Ni chakula, si dawa.